Halua Imekatwa Pembeni

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Mimi mzima, ila miguu imevimba kidogo kwa safari. Nimeshika kalamu kwa sababu juzi kwenye simu ulinikatiza mara nne kwa "lakini mama", mpaka salio likaisha na nilichotaka kusema kikabaki kooni. Karatasi haikatizi mtu.

Uliniuliza nilikwenda Pemba na nani. Nikakujibu peke yangu. Ukanyamaza, kisha ukauliza kama kuna msiba ambao nyinyi hamkuambiwa. Sikukasirika, maana hata melini niliulizwa hivyo hivyo. Mama mmoja wa makamo alikaa ubavuni kwangu akaanza: unakwenda harusini? Hapana. Una mgonjwa? Hapana. Akashusha sauti: pole dada, nani kafariki? Kwetu sisi mwanamke wa umri wangu havuki maji ila kwa harusi, uuguzi au mazishi. Nilipomwambia nakwenda kutembea tu, alinitazama sana, akavuta kapu lake karibu na miguu yangu na kunilinda mpaka bandari ya Mkoani. Nadhani alidhani nimeruka akili.

Na lile usilolisema nalijua pia. Hujaisahau Spice Islander iliyozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, jinsi tulivyokesha na redio. Mimi sijaisahau. Kule Pemba ukikaa barazani mwaka ule hutajwa kwa sauti ya chini, kila mtu ana jina lake kifuani. Tulipotoka nje ya ghuba na maji yakageuka rangi ya wino, nilisoma dua zote ninazozijua, na nyingine nilizijua nusu. Niliogopa, mwanangu. Nikaenda hivyo hivyo.

Halafu kuna la pesa. Zile ulizotuma za kupaka rangi sebule ndizo zilizonipeleka. Ukuta uko vile vile.

Nilipata chumba Wete kwa watu wema, nyumba ina baraza pana na mwembe mbele. Siku ya kwanza nilizinduka saa tisa usiku, kama kawaida yangu. Miaka ishirini na sita nimeamka saa hiyo kukoroga vitumbua. Hata roho inajua. Nikakaa kitandani mikono mapajani. Hakuna unga uliolowekwa, hakuna mkaa, hakuna mtoto wa kuamshwa aende chuoni. Sikujua mikono niiweke wapi. Siku ya pili vile vile, nikalia kidogo, sijui nalia nini. Siku ya tano niliamshwa na adhana ya alfajiri. Sijalala hivyo tangu nikuzae wewe.

Nilifika wakati wa karafuu. Kisiwa kizima kinanuka karafuu, majamvi yametandikwa mpaka kando ya lami, na watu wanatazama mawingu kama mfungwa anavyomtazama hakimu, maana karafuu iliyoanikwa ikinyeshewa ni hasara. Wenyeji wangu waliniheshimu kwa siku mbili. Ya tatu hawakunipa jembe, walinisogezea ungo. Usiku baada ya chakula watu wa nyumba wote huketi chini wakachambua: karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Makonyo nayo hayatupwi, yanakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Mzee wa nyumba ndiye aliyenieleza kwamba zamani Unguja nako kulikuwa na mikarafuu tele, mpaka kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba lenyewe. Alisimulia kama aliyekuwapo, na sikumkatiza. Vidole vyangu viligeuka rangi ya kahawia. Mpaka leo nikila wali nahisi nimeutia viungo.

Wazee husema Pemba peremba, aendaye na joho hurudi na kilemba, na aendaye na kilemba hurudi na joho. Mimi nilikwenda na mfuko mmoja na kanga mbili, nikarudi na kucha chafu. Karafuu sikubeba, usiniulize. Zao lile mnunuzi wake ni shirika la serikali, ZSTC, na sikutaka kusimamishwa bandarini nijieleze kama mtu wa magendo kwa ajili ya kikombe cha chai.

Nataka nikueleze Misali, maana hili simu isingelibeba. Ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake Chake, unakwenda kwa mashua kutoka Wesha. Tangu 1998 ni eneo la hifadhi, ingawa wavuvi bado huvua kwa utaratibu wake. Nahodha wetu alisema jina lake latokana na msala. Nabii Khidhri alifika akawaomba wavuvi msala wa kusalia, wakawa hawana, akasema basi kisiwa hiki chenyewe ndiyo msala, kimeelekea kibla. Wenzangu wa mashuani, vijana wa chuo fulani, walikwenda kuogelea. Mimi nikatawadha, nikasali adhuhuri mchangani, peke yangu. Nilipotoa salamu kulia na kushoto hakukuwa na mtu. Unajua nyumba yetu ilivyo, hata kwenye sijda mtu huniita: mama, ufunguo uko wapi, mama, chumvi. Pale hakuna aliyeniuliza kitu kiko wapi. Nilikaa chini kwa muda mrefu mpaka nahodha akaniita, na hata yeye aliniita "bibi" tu, hajui mimi mama wa nani.

Sikuambii haya ili ujione mzigo. Nimewazaa kwa kupenda.

Kurudi ndiko kulikonishinda. Siku ya saba nilianza kuhesabu saa kama mtoto anayerudishwa bweni. Nilikunja kanga, nikaikunjua, nikaikunja tena. Bibi wa nyumba alinipa halua ya Wete ndani ya kikapu cha ukili, akasema ya watoto. Melini sikuzungumza na mtu. Tulipokikaribia kisiwa cha Toten na nikaanza kuiona minara ya mjini, moyo haukuruka kwa furaha kama inavyotakiwa. Bodaboda walinizunguka getini, mama twende, mama mzigo, na mimi ambaye ni mzaliwa wa hapa nikawaambia sijui ninakokwenda. Sisi Tanga tunajisifu kwa wageni, waja leo waondoka leo. Siku ile mgeni nilikuwa mimi.

Nikapanda taratibu mpaka bustani ya Jamhuri, nikakaa kwenye benchi naitazama bandari. Kama saa nzima. Nilivua viatu. Nikafungua ile halua.

Nyumbani nilikuta umeme wa LUKU umeisha, sijui tangu lini, na nguru niliyemweka kwenye friji ananuka mpaka uani. Kaka yako alikuwa amekuja mara mbili kutafuta karatasi za kiwanja, akaacha makabati wazi. Jirani alinipokea kwa "mwenzangu umeng'ara!", kisha akaniomba unga kilo moja. Kufikia magharibi nilikuwa nimekwisha kujibu kila kitu kiko wapi. Kesho yake saa tisa usiku nilikuwa nakoroga vitumbua. Havikuniudhi. Wateja wangu wa barabara ya kumi na tano walinilaumu kama niliowatoroka, na kusema kweli nilifurahi kulaumiwa.

Sasa lile jambo lenu. Kaka yako ameniambia mmekaa mkashauriana, kwamba nimezeeka kuishi peke yangu, nihamie kwako Dar, chumba kipo, na mtoto atapata wa kumwangalia dada wa kazi akiondoka. Nashukuru, wallahi, kuna wenzangu hapa mtaani hawaulizwi. Jibu langu ni hapana. Nitakuja Desemba shule zikifungwa, nikae wiki mbili, nimfundishe mjukuu wangu juzuu na nikupikie mchuzi wa papa unaoutaka. Wiki ya tatu nitapanda basi. Na mwakani karafuu zikiiva nitavuka tena, na safari hiyo nikikwambia peke yangu usinyamaze, niulize tu meli inaondoka saa ngapi.

Ukituma tena pesa za rangi, tuma kwa fundi mwenyewe.

Barua hii na kikapu nimempa kijana wa mlango wa tatu anayekuja huko kwa basi la asubuhi. Mpokee stendi, nauli nimemlipa. Halua gawana na mumeo na mtoto. Utaona upande mmoja imekatwa, tena kipande kikubwa. Usimlaumu kijana wa watu.

Mama yako