Picha za angani zilianza kabla ya ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe jambo moja katika makala yenu kuhusu vijana wanaopiga picha za ziwa kwa droni hapa Mwanza, iliyosema kwamba zamani picha za angani zilihitaji ndege au helikopta. Mwaka 1888, miaka 15 kabla ya ndege ya akina Wright kuruka, Mfaransa Arthur Batut alikuwa tayari ameanza kupiga picha hizo kwa kamera aliyoifunga kwenye tiara, huko Labruguière.

Ufundi wake ulikuwa katika kuifyatua kamera ikiwa juu. Kabla ya kurusha tiara aliwasha utambi ulioungua polepole. Moto ulipofika mwisho, kilango cha lenzi kilifyatuka na kibendera cha karatasi kikaachiliwa, ili aliye chini ajue kuwa picha imekwisha kupigwa na aanze kuvuta kamba. Aliweka pia baromita ndogo ya kurekodi kimo.

Mwaka 1906, baada ya tetemeko na moto kuiangamiza San Francisco, Mmarekani George Lawrence aliinua kamera ya takribani kilo 22 kwa msururu wa tiara hadi karibu mita 600, akaifyatua kwa umeme. Afrika nayo haikuachwa nyuma: kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Henry Wellcome alitumia tiara za umbo la sanduku kupiga picha za machimbo yake ya mambo ya kale huko Jebel Moya, Sudan.

Nayaandika haya kwa sababu droni ni ghali na ina vibali vyake, ilhali shule zetu za mwambaoni zingeweza kufuatilia magugu maji kwa tiara na kamera nyepesi. Ila waujue upepo wetu. Mchana huvuma kutoka ziwani, kwa hiyo tiara inayorushwa ufukweni itaelea juu ya mapaa ya nyumba. Anayetaka picha ya maji arushe alfajiri, upepo wa nchi kavu ukielekea ziwani, au arushe akiwa ndani ya mtumbwi. Na kwa kuwa uwanja wa ndege uko Ilemela, kando ya ziwa hilohilo, wahusika wa usalama wa anga waulizwe kwanza.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza