Kuhusu mtoto wa mbwa unayemleta nyumbani

Moshi, Jumanne jioni

Kwa ndugu yangu Elibariki,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Mama Dani na watoto. Sisi huku hatujambo, na mama anasema amekwisha kuitikia marahaba kwa shikamoo zote ambazo hukuzileta tangu Pasaka.

Dhumuni kubwa la barua hii ni mbwa. Mwalimu Temba alipita hapa akanieleza kwamba umelipa arubuni ya mtoto wa Rhodesian Ridgeback kule Arusha, mwenye vyeti vya nasaba, kwamba muuzaji anataka umchukue akiwa na wiki 6, na kwamba atalala katika banda la marehemu mbwa wenu Simba chini ya mwembe. La kwanza lilinifurahisha, la pili likanitia shaka, na la tatu ndilo lililonikalisha mezani kuandika, kwa maana simu yako haipokelewi.

Simba alikufa kwa parvo, Eli, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha. Ugonjwa huo, uliojulikana duniani kuanzia mwaka 1978, hauondoki pamoja na mbwa anayezikwa. Virusi vyake hutoka kwa wingi katika kinyesi, na penye kivuli na unyevu vinaweza kukaa udongoni mwaka mzima na zaidi. Sabuni ya kawaida haiviui, wala zile dawa za kudekia zenye harufu ya maua ambazo Mama Dani anazipenda. Jiki huviua, lakini kwa utaratibu wake: kwanza usugue sakafu ya banda kwa maji na sabuni mpaka uchafu wote utoke, kisha umwage jiki iliyochanganywa kikombe 1 kwa vikombe 30 vya maji, na uiache ilowanishe saruji kwa dakika 10 kabla ya kusuuza. Ikikutana na uchafu hupoteza nguvu, na ndiyo sababu kuimwaga juu ya udongo ni kutupa fedha. Zile mbao zilizopasuka, pamoja na bakuli la zamani, mimi ningezichoma moto.

Udongo wenyewe husaidiwa na jua na muda tu, na jua halifiki chini ya mwembe ule. Najua kwamba uliupanda na marehemu mzee, kwa hiyo sithubutu kukuambia uukate. Nasema upunguze matawi ya upande wa mashariki, na mtoto huyu asikanyage pale hadi chanjo zake zikamilike.

Nimesikia kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa "watoto wote wamechanjwa". Sindano moja haitoshi. Mtoto wa mbwa hupata kinga katika maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyo hiyo huizuia chanjo isifanye kazi; hupungua polepole, na hakuna awezaye kutambua kwa macho imekwisha siku gani. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na ile ya kichaa cha mbwa hutolewa anapofikia miezi 3 hivi. Kadi yake iwe na tarehe, jina la chanjo na saini ya daktari wa mifugo. Kadi yenye alama za vema tupu usiipokee.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu umri ambao mtoto wa mbwa huizoea dunia ni kati ya wiki 3 na 14 hivi, yaani kabla chanjo hazijaisha. Ukimfungia muda wote huo utakuja kuwa na dume la kilo 36 linaloogopa bodaboda na kuwabwekea wageni wote, akiwamo mchungaji. Basi abebwe. Dani amtie kwenye kikapu, ampeleke kwenye mashine ya kusaga na karibu na shule, aone wazee wenye bakora na akina mama wenye mizigo kichwani, bila kutia mguu chini. Na hizo wiki 6 zisikubaliwe. Akae na mama yake na ndugu zake hadi wiki 8, maana wao ndio wanaomfundisha kiasi cha kuuma anapocheza. Mlipe muuzaji gharama ya chakula cha wiki 2 hizo. Najua unavyopenda kupatana bei, lakini safari hii toa fedha.

Siku ya kumchukua, kila mtu atautazama ule mstari wa manyoya yaliyogeukia mbele mgongoni, ambao ni alama ya mbegu hii na umo katika vigezo vilivyoanza kuandikwa Bulawayo mwaka 1922. Wewe tumia vidole. Nyanyua ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, uipapase taratibu kutoka kisogoni hadi mkiani, juu ya uti wa mgongo. Ukihisi kitu kama uzi kinachotoka kwenye ngozi kuelekea ndani, usilipe salio. Ni kijishimo cha kuzaliwa nacho, kinachowapata mbwa hawa kuliko wengine. Huweza kutunga usaha, na dawa yake ni kisu cha daktari. Cheti cha nasaba hakitakuonyesha hilo, kitakuonyesha babu zake tu.

Chakula sikiandikii mengi. Aendelee na kile anachokula kwa muuzaji, ukibadilishe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Ugali na mchuzi pekee hautamtosha, mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, na unga wa kalisiamu usimwongezee, kwa kuwa ukizidi huharibu mifupa ya mbwa mkubwa anayekua. Mzee Massawe atakushauri umpake dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe. Mshukuru, kisha usifanye.

Narudi kwenye banda. Baraza lenu la nyuma lina sakafu ya saruji, na Simba hakuwahi kulikanyaga kwa sababu Mama Dani alimfukuza kila mara. Ukali ule leo umetufaa. Mlaze hapo, kwenye boksi lenye kitambaa ulichokiacha siku chache kwa mama yake.

Je, huyo mama umeonyeshwa, au umeonyeshwa picha? Simba alitapika wapi siku zile za mwisho, uwanjani tu au hata kwenye bomba? Nauliza kwa sababu watoto huchota maji pale na kuingia barazani na ndala zile zile. Mbwa wa jirani bado anapenya chini ya uzio? Mama Dani amekubali kweli, au bado hajaambiwa? Na jina, Dani angali anashikilia Ronaldo?

Nijibu kabla hujakwenda Arusha. Ukinunua jiki, brashi ngumu ninayo, nitakuja nayo Jumamosi.

Wako,
Anselmi