Video hiyo imepigwa wapi, na lini?

Mhariri,

Kila maandamano ya kupinga wageni yanapozuka Afrika Kusini, makundi yetu ya WhatsApp hujaa video kabla gazeti lolote halijaandika mstari mmoja. Naomba nafasi niseme kuhusu video hizo.

Septemba 2019, maduka ya wageni yalipovunjwa na kuporwa Johannesburg na Pretoria, ilizagaa video ya watu wakijirusha kutoka kwenye jengo linalowaka. Tuliambiwa ni Waafrika wenzetu wanachomwa. Kumbe jengo lile liko Surat, India; liliungua Mei mwaka huohuo, na waliokufa ni wanafunzi waliokuwa masomoni. Nani aliuliza? Siku hizohizo vijana wa Nigeria walivamia maduka ya Shoprite, kampuni ya Afrika Kusini, ambako wengi waliokuwa wakipata riziki ni Wanigeria wenzao. Lubumbashi, Kongo (DRC), waandamanaji walivunja vioo vya ubalozi mdogo wa Afrika Kusini.

Vurugu zenyewe zilikuwa za kweli, hata Air Tanzania ikasitisha safari za Johannesburg. Lakini Rais Ramaphosa alipotangaza kwamba watu wasiopungua 10 wameuawa, alisema wageni kati yao ni wawili. Habari hiyo sikuona mtu akiisambaza kwa uchungu.

Na wanaoandamana kule nao wana simu. Tangu 2020 hashtegi ya #PutSouthAfricansFirst (yaani Waafrika Kusini kwanza) ilikuwa ikipamba moto Twitter. Mwaka uliofuata Operation Dudula, kundi linalopinga wageni, ikaanza Soweto. Mtu asiye na kazi, katika nchi ambayo karibu theluthi moja ya nguvukazi haina ajira, akilishwa kila asubuhi kwamba mgeni ndiye aliyemnyang'anya, jioni atamtafuta mgeni huyo. Aprili 2022 huko Diepsloot, kitongoji cha Johannesburg, watu walipita mlango kwa mlango wakidai vitambulisho, na Mzimbabwe mmoja akapigwa, akachomwa moto hadi kufa.

Ombi langu kwako, Mhariri: video ya namna hii ikifika mezani kwenu, sentensi ya kwanza iseme imepigwa wapi na lini. Msipojua, msiirushe, hata kama wenzenu wamesharusha. Nasi wenye ndugu Durban na Johannesburg tuwapigie simu kabla ya kusambaza chochote, kwa sababu hasira tunazowasha huku, wao ndio watakaokutana nazo kule mitaani.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam