Mpeni Kitabu, Mfunge Mdomo

Kwa vijana mnaokutana Jumamosi kusoma riwaya, hapa Moshi mjini.

Wajukuu zangu,

Shikamoo zenu nilizipokea, na chai ya tangawizi mliyonikaribisha ilikuwa ya kweli. Nimekaa siku tatu nikijiuliza niandike au ninyamaze. Nimeona niandike, tena hadharani, maana na ninyi mlilifanya hadharani.

Jumamosi ile binti mmoja alikuja amekikumbatia kitabu alichokimaliza usiku wa manane. Macho mekundu, uso unawaka. Mkamwomba aeleze. Akaeleza: nani alikufa, nani alimdanganya nani, barua ilifichwa wapi, mwisho uliishaje. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa nakitazama kitabu chenyewe. Kilibaki juu ya kiti mpaka tunaondoka, hakuna aliyekiazima. Akiazime cha nini? Mlikuwa mmeshashiba.

Binti simlaumu. Mtu akipata mwandishi wa kumpenda, habari humwasha mdomoni kama pilipili. Nayajua hayo.

Nilikuwa fundi cherehani miaka mingi, kwenye baraza ya duka moja si mbali na mnara wa saa. Mwaka 1972 mteja aliniletea suruali nipunguze kiuno. Mfuko wa nyuma una kitabu kidogo, jalada hakuna, kurasa za mwanzo zimenyofoka. Mwenyewe akakaa wiki mbili bila kurudi, nami sikuwa mtakatifu. Humo nikakutana na mpelelezi Bwana Msa: kiko mdomoni, bastola hana, haraka hana. Anauliza maswali ambayo unaona kabisa ni ya kipuuzi, na rafiki yake Najum anashangaa pale pale ninaposhangaa mimi. Kurasa kumi baadaye ndipo unagundua kwamba mpuuzi ni wewe.

Nikaanza kumsomea marehemu mke wangu jioni kwa taa ya chemli, yeye anachambua maharage. Nikifika penye utamu ananiambia, "Ngoja kwanza, nikageuze ndizi." Akirudi ananitazama usoni tu. "Umesoma mbele wewe. Rudi nyuma." Na kweli nilikuwa nimesoma. Nikarudi. Sijawahi kuificha siri yoyote kwa shida kama nilivyoficha yale niliyoyaona katika ule ukurasa mmoja.

Jina la mwandishi sikulijua. Karibu mwaka mzima nilikuwa naulizia vitabu vya "yule bwana wa kiko", watu wananicheka. Siku moja, kwa muuza vitabu aliyetandaza turubai karibu na soko, nikafungua kimoja katikati, moshi wa kiko huo! Nikageuza jalada: Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kile changu cha mfukoni kumbe kilikuwa *Kisima cha Giningi*, kilichotoka 1968. Nililipa bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo Mchaga halifanyi mara mbili.

Baadaye nikajua habari zake. Mtu wa Makunduchi, Unguja, aliyezaliwa 1918. Alikagua mambo ya afya miaka kumi kabla ya kuingia magazetini, na huo *Mzimu* ulishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Afrika Mashariki, kabla haujachapwa mwaka 1960. Lililonichekesha zaidi ni kwamba kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 alikuwa mhariri wa *Mkulima*, jarida la kilimo. Sisi huku tunahangaika na ugonjwa wa chulebuni kwenye kahawa, mhariri wa wakulima anaua watu kwenye karatasi!

Sasa sikieni kilichonipata. Mwaka 1974 napanda treni kwenda Dar, nimefunga safari na *Duniani Kuna Watu*, kitabu chake kipya kabisa. Nimejizuia kukifungua mpaka tutoke stesheni. Tumefika Mombo, abiria aliyekaa mbele yangu akainama akasoma jalada, akatabasamu kwa wema kabisa, akanieleza mambo yote mpaka mwisho. Korogwe aliniletea machungwa mawili. Nilikula. Kitabu nilikimaliza pia, lakini nilikisoma kama mtu anayehesabu chenji. Yule bwana hakuwa na ubaya wowote. Alipenda mno kile kitabu, kama binti wetu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Ukimpata mwandishi wako, usitueleze alichoandika. Tueleze alichokufanya. Sema, "Nilikisoma jikoni nikaunguza wali," kisha mkabidhi mwenzako kitabu, ufunge mdomo. Akifika pale ulipounguzia wali atakupigia simu mwenyewe, saa nane za usiku, na hapo ndipo mazungumzo yenu yataanza. Hayo ya saa nane yana utamu ambao makofi ya Jumamosi hayana.

Na mtu akikirudisha akasema hakikumshika, msimkasirikie. Mimi rafiki yangu wa Kibosho nilimpa *Mwana wa Yungi Hulewa* cha Abdulla huyo huyo, akakirudisha amesoma jina tu. Alidhani "hulewa" ni mambo ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mteja wangu mmoja wa Pangani akasema hapana, hiyo inatoka kwenye kulea mtoto. Wakabishana barazani kwangu mchana mzima, suruali za watu zimelala. Kitabu hakusoma, lakini mchana ule siutoi kwa mtu.

Hilo lenu la kuzipiga picha kurasa na kutumiana kwenye simu tutaligombania siku nyingine.

*Mzimu* wangu bado ninao. Umeshonwa mgongo kwa uzi wa jinzi, na una doa la mafuta ya cherehani katikati, ambalo ni kosa langu. Nimeuweka juu ya mashine pamoja na daftari la kuandika jina na tarehe. Anayeutaka aje jioni, mikono mikavu. Binti wa Jumamosi ile namwomba awe wa kwanza.

Babu yenu, fundi mstaafu,
Moshi