Kwa Afisa Elimu Msingi wa Manispaa ya Moshi: naomba ngoma itoke stoo

Ndugu Afisa Elimu,

Salamu kutoka Kiborloni. Mimi ni fundi seremala na mzazi. Jumamosi ukipishana na msafara wa harusi unaotoka kanisani, mbele kuna pikapu na juu yake watu wanapuliza matarumbeta, yule mnene aliyekumbatia tarumbeta kubwa la besi ndiye mimi. Nasema hivyo usije ukadhani umeandikiwa na msomi wa muziki.

Nakuandikia jambo ambalo nadhani wewe, kwa cheo chako, huwezi kuliona hata ukizunguka shule kila siku. Popote ufikapo unaimbiwa. Gari halijazimwa, kwaya imeshajipanga: sare zimepigwa pasi, wasichana mbele, wavulana wawili na ngoma pembeni, na ndani ya wimbo kuna cheo chako na karibu nyingi. Baada ya hapo ngonjera, kisha risala. Unapiga makofi, unatoa chochote cha soda, unaondoka umeridhika kwamba shule hii inaimba. Kumbe huenda umesikia muziki wote wa muhula.

Sisi wazazi tunaona yanayotangulia. Habari ya mgeni rasmi ikifika, wanachaguliwa watoto arobaini kati ya mia kadhaa. Wiki mbili vipindi vya mchana vinaliwa na mazoezi ya wimbo mmoja. Mgeni akishaondoka, ngoma zinarudi stoo, chini ya madawati mabovu na ndoo za rangi, mpaka mahafali. Na siku hizi hata mahafali hazitoki, maana kuna spika na flashi, watoto wanacheza Bongo Fleva mpaka vumbi linapaa. Siichukii Bongo Fleva. Ninachosema ni kwamba flashi haimfundishi mtoto kuimba.

Binti yangu wa darasa la nne alichaguliwa mwaka juzi. Shule siitaji, na ningekuomba usiitafute, kwa sababu walimu wake ni watu wema waliochoka. Siku ya tatu alirudi amenuna. Mwalimu alikuwa amemwambia, "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Akafungua mdomo wiki mbili. Mgeni alipokuja binti yangu alisimama mstari wa mbele, kwa sababu ana meno mazuri, akaimba bila sauti.

Usiku ule nilimkalisha jikoni nikamwambia aniimbie. Kweli, alikuwa anakoroma kama paka. Nikaanzisha wimbo uleule juu zaidi. Akaimba safi, hakuna noti iliyopotea. Tatizo halikuwa sikio lake. Mwalimu ni mama wa makamo mwenye sauti nzito, anaanzisha wimbo pale panapomfaa yeye, na koo la mtoto wa miaka tisa halifiki huko chini. Watoto wengine nao, wakishindwa kushuka, wanaambiwa "Ongezeni sauti!" basi wanapayuka, na sisi wageni tunadhani ndiyo furaha. Jambo hilo linarekebishwa kwa dakika moja na mtu yeyote aliyewahi kufundisha kwaya. Lakini huyo mtu awepo, na awe na kipindi.

Kipindi kipo, kwa karatasi. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu hadi la sita. Nimeliona kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Kwa ninavyosikia nyumbani kwangu na kwa majirani, sanaa inamezwa na michezo, michezo inamezwa na mpira, na mpira wenyewe unamezwa na jaribio la Hesabu. Simlaumu mwalimu. Ana darasa lililofurika, na akiulizwa na wakubwa anaulizwa ufaulu, haulizwi kama watoto wanajua do iko wapi.

Najua majibu mawili yatakuja: hakuna vyombo, hakuna mwalimu.

La vyombo niachie mimi, ni kazi yangu. Ubao wa mninga uliokauka vizuri, wenye urefu wa sentimita 40, ukiulaza juu ya kamba mbili na kuugonga katikati, unaimba. Kamba zisikae kwenye ncha, hapo mlio unakufa. Zikae kama sentimita 9 kutoka kila upande, pale ubao unapotulia huku sehemu nyingine zikitetemeka. Mwambie mtoto amwage mchanga laini juu yake agonge taratibu: mchanga wenyewe utakimbilia pale pa kuweka kamba. Ukitaka sauti ishuke, chonga upande wa chini, katikati. Ikishuka mno, punguza ncha, itapanda. Sasa waulize watoto: tukitaka ubao wa pili, wa unene uleule, utoe do ya juu, ile inayokuja baada ya ti, tuukate kiasi gani? Wote watasema nusu. Kata nusu uone, sauti itaruka do mbili badala ya moja. Urefu unaotakiwa ni sentimita 28 na kitu kidogo. Kwa nini 28? Mwalimu wa Hesabu ana wiki nzima hapo, na mwalimu wa Sayansi atamwomba amwachie nusu yake. Mbao nane za namna hiyo ni marimba ya kuanzia, na mabaki ya vitanda tu yanatosha. Kayamba ni mabua na mbegu. Filimbi hata bomba la maji la plastiki linafaa, mradi mkataji awe na subira.

Na tukizungumzia mbao, kuna jambo huwa linanichoma. Marehemu Sebastian Chuwa, mtu wa huku huku kwetu, alianzisha pamoja na mwenzake wa Marekani mwaka 1996 mradi wa kuokoa mpingo, na watoto wa shule ni miongoni mwa waliopanda miche hiyo. Mpingo si wa vinyago peke yake. Klarineti na obo, ala za kupuliza zinazopigwa kwenye kumbi kubwa za Ulaya na Marekani zinachongwa kwa mti huo, na unatoka kwetu. Wamo Moshi watu wazima waliomwagilia miche ya mpingo wakiwa na kaptula za shule, na wengi wao sidhani kama wamewahi kuigusa klarineti.

La mwalimu ni jepesi zaidi, labda ndiyo maana halionekani. Serikali inao walimu waliosomea muziki, Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza kimewafundisha, na chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, kinatoa wasanii wanaojua wanachokifanya. Lakini kabla hujafika Mwanza, tembea mitaa ya Moshi Jumatano jioni. Kila kanisa lina mazoezi, na kila mazoezi yana mwalimu wa kwaya anayesoma sofa, yaani nota za do-re-mi, kama wewe unavyosoma gazeti, anagawa sauti ya kwanza mpaka ya nne bila kinanda. Nenda madrasa, utamkuta ustadhi ana vijana wa kasida na dufu ambao hawapotezi pigo hata mmoja akipiga chafya. Panda Old Moshi au Marangu, wako wazee wanaojua nyimbo za Kichaga ambazo sisi tulizikimbia tukidhani ni za ushamba. Hawa wote wako umbali wa nauli moja ya daladala au bodaboda.

Kinachowazuia ni geti. Mimi mwenyewe nilikwenda shule moja kujitolea saa moja kwa wiki, bure. Nikaambiwa nilete kibali. Nikauliza kibali kinatoka wapi, kila mtu akamtaja mwenzake. Siwalaumu kwa kuwa waangalifu, watoto hawaachiwi mtu yeyote tu. Nataka mlango unaojulikana: mtu ajaze fomu, mtaa na kanisa au msikiti wake wamthibitishe, mwalimu wa darasa awepo muda wote, na nyimbo za ibada ziachwe huko huko kwenye ibada ili mzazi asije akalalamika kwamba mtoto wake anabadilishwa dini kwa kinanda.

Nakuomba basi uwaandikie walimu wakuu waraka mfupi. Kwanza utaje mlango huo. Pili, kipindi cha sanaa kiimbwe na darasa zima, wenye sauti na wasio na sauti, maana mtoto wa miaka tisa asiye na sauti mara nyingi ni mtoto aliyeanzishiwa wimbo vibaya. Tatu, funguo ya stoo ya ngoma akabidhiwe mwalimu wa sanaa, isibaki kwenye droo ya ofisi ikimsubiri mgeni.

Kuna watakaokwambia muziki ni wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na huko kwaya na ngoma zipo. Zipo, kwa wachache waliochujwa. Ila kila asubuhi mstarini wanafunzi wote wanaimba wimbo wa taifa, na lahani yake aliitunga mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwaka 1897, akiwa na kwaya ya wanafunzi wake. Hakuwa akimngojea mgeni rasmi.

Siku ukienda shule nyingine, wakimaliza wimbo wenye cheo chako, waombe waimbe mwingine, wowote ule, halafu mtazame mwalimu wao usoni.

Kwa upande wangu, Jumatano naifunga karakana saa nane mchana. Vipande saba vya mninga vimeshapatana, kuanzia do hadi ti. Do ya juu binti yangu ameikata fupi mno, anatafuta ubao mwingine. Tukipata kibali wiki ijayo, tutakuwa tumemaliza.

Wako katika kazi,
Fundi seremala na mpiga besi, Kiborloni, Moshi