Barua za makuruta wa Vita vya Kagera zisiachwe kwa mchwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji niseme jambo ambalo hunirudia kila mwaka ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, magazeti yetu, likiwamo lako, yanapojaa picha za viongozi wakiweka silaha za jadi na mashada ya maua kwenye mnara, pamoja na kumbukumbu za makamanda wastaafu kuhusu Vita vya Kagera. Sina ugomvi na picha hizo, wala na makamanda. Ninachouliza ni kwamba barua walizowaandikia jamaa zao askari wa chini, hasa wale vijana wa mgambo walioingia jeshini vita vikiwa vimekwisha kuanza, ziko wapi leo, na nani anazitunza?

Wasomaji wenye umri kama wangu watakumbuka kwamba majeshi ya Idi Amin yalipovamia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Jeshi la Wananchi lilikuwa na askari wasiozidi 40,000, na kwamba baada ya Mwalimu Nyerere kulihutubia taifa tarehe 2 Novemba na kutamka kuwa uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, idadi hiyo ilipandishwa kwa muda mfupi hadi zaidi ya 100,000, kwa kuchukuliwa polisi, askari magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa na maelfu kwa maelfu ya mgambo kutoka vijijini. Wengi katika hao waliovuka mpaka kuingia Uganda walikuwa wakulima ambao mwezi Oktoba walikuwa wakifyeka mashamba wakisubiri mvua. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Aliondoka hapa Iramba akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, amevaa viatu vya kuazima.

Katika miezi ya vita alituandikia barua tisa. Tumebaki nazo saba, kwa kuwa mbili ziliharibika wakati wa mvua za El Niño mwanzoni mwa 1998, ukuta wa nyumba ya zamani ulipoanguka na sanduku la bati likalala kwenye tope siku nne kabla hatujalikumbuka. Hatukuwa na sanduku la posta, na kijijini kwetu hakuna aliyekuwa nalo, hivyo barua zote zilipitia sanduku la shule ya msingi kwa jina la mwalimu mkuu, na juu ya bahasha kaka aliandika kwa hati kubwa, “Tafadhali mpe baba.” Mimi nilikuwa darasa la sita. Kwa kuwa baba hakujua kusoma, na mama alikuwa bado anajikongoja katika kisomo cha elimu ya watu wazima, kazi ya kuzisoma kwa sauti ilinipata mimi.

Barua ya kwanza, aliyoiandika kambini mkoani Dodoma akiwa kuruta, inaanza kama zilivyoanza barua zote za enzi zile: “Shikamoo baba, shikamoo mama. Mimi huku ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu.” Kisha anaeleza kwata, anaeleza mchakamchaka wa alfajiri, anaeleza jinsi afande mmoja alivyowaamrisha kutandika vitanda mara tano mpaka shuka ikanyooka kama karatasi, na anauliza kama plau tuliyomwazima jirani imerudishwa. Huyo ni kijana ambaye bado yuko nyumbani kwa mawazo. Barua ya tatu ameiandika Desemba, na kwa kuwa walikatazwa kutaja mahali walipo, anasema tu kwamba “huku tulipo watu wanakula ndizi kama sisi tunavyokula ugali, na ardhi yao ni nyekundu.” Baba alicheka, akasema basi huyo amefika Ziwa Magharibi. Wasomaji vijana huenda wasijue kwamba mkoa huo ulikuwa haujaitwa Kagera. Jina hilo lilikuja 1979.

Nimezisoma barua hizo mara nyingi katika utu uzima wangu, na jambo lililonichukua muda mrefu kuliona ni jinsi zile salamu za mazoea zinavyopungua. Barua ya nne bado ina “hofu na mashaka ni kwenu.” Ya tano ina “mimi ni mzima” peke yake. Ya sita, yenye tarehe 15 Machi 1979, ni karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa penseli, na inaanza hivi: “Baba shikamoo. Yule ndama msimuuze.” Hakuna salamu nyingine. Anaeleza kwamba Jumamosi iliyopita usiku walirudi nyuma, kwamba walipigiwa mizinga inayotoa mlio ambao hajawahi kuusikia, kwamba walilala ndani ya maji yaliyowafika kiunoni, katikati ya majani aliyoyaita matete makubwa, na kwamba asubuhi waliambiwa waende tena kule kule walikotoka.

Ukiiweka barua hiyo kando ya kalenda utaona kwamba Jumamosi ile ilikuwa tarehe 10 Machi, siku ambayo majeshi ya Amin yakisaidiwa na askari wa Libya yaliishambulia brigedi yetu iliyokuwa na mgambo wengi wageni wa vita huko Lukaya, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, karibu na mabwawa ya mafunjo. Historia ya vita inasema brigedi ile ilitawanyika, na kwamba kesho yake, brigedi nyingine ilipozunguka na kumpiga adui kwa nyuma, mji ulirudi mikononi mwetu. Maelezo hayo ni sahihi kwa kadiri ninavyojua, lakini “ilitawanyika” ni neno la mtu anayetazama ramani, na aliyekuwa ndani ya maji usiku ule aliandika mambo mengine kabisa, likiwamo suala la ndama.

Naomba radhi, Mhariri, nieleze pia kilichotokea siku barua ile iliposomwa. Jirani yetu, ambaye mwanawe aliondoka siku moja na kaka yangu, alikuwa amekaa mkekani na mama, kama alivyofanya kila tulipopata barua, akingoja kusikia jina la mwanawe, kwa sababu kaka hakuacha kumtaja. Nilikuwa na tabia ya kutangulia kwa macho mstari mmoja au miwili kabla ya kutamka. Nikaona jina lake, na mbele ya jina neno “amefariki” na maelezo ya mahali walipomzika. Nikaruka mistari mitatu. Nilisoma kuhusu ndama, nikasoma salamu za mwisho, nikaikunja karatasi. Mama mwenye mtoto akauliza, “Mwanangu hakumtaja?” Nikajibu kwamba hakumtaja. Usiku nilimweleza baba kando ya zizi, na alfajiri yeye na wazee wawili wakaenda kwa jirani kufikisha habari kama inavyopasa.

Taarifa rasmi iliwafikia wale majirani baada ya miezi mingi, nayo ilisema tu kwamba mtoto wao alikufa vitani Uganda mwaka 1979. Siku na mahali havikutajwa. Hadi leo karatasi pekee duniani inayoeleza siku aliyokufa kijana yule na mti waliomzika chini yake ni ile ya penseli iliyo nyumbani kwetu. Miaka kadhaa iliyopita mdogo wake aliomba nakala ili aipeleke katika ofisi moja alikokuwa akifuatilia kumbukumbu za marehemu, na huko akajibiwa kwamba barua ya mtu binafsi si nyaraka. Sitaitaja ofisi yenyewe, kwa kuwa karani aliyejibu huenda alikuwa akifuata mwongozo aliopewa. Ila jibu lile ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tumewahi kulipoteza jambo la namna hii. Babu zetu waliochukuliwa keya, yaani jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na kupelekwa Burma, wakapigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944 chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nao waliandika barua, wengi wao kwa Kiswahili, na baadhi wakiwa wamejifunza kusoma na kuandika jeshini humo humo. Barua hizo zilipitiwa na wakaguzi wa serikali ya kikoloni, ambao walinakili vipande walivyoona vina maana kwao na kuvipeleka kwa wakubwa zao katika ripoti. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya sauti za askari wale iliyotufikia ni ile aliyoichagua mkaguzi. Barua zenyewe zilibaki vijijini, na vijijini kuna mchwa.

Hali ya barua za Kagera ni tofauti kwa kuwa wenyewe wengine wangali hai na sanduku nyingi bado hazijafunguliwa. Tunayo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2002, na tunayo Makumbusho ya Taifa. Sioni kwa nini taasisi hizi zisitangaze, hata kupitia gazeti lako, kwamba zinapokea nakala za barua za askari, familia ikibaki na karatasi yake. Siku hizi maofisa wa kata wana simu zinazopiga picha ukurasa mzima ukasomeka. Gharama yake si ya kuitishia bajeti. Najua wako watakaosema kwamba barua hizo zina mambo ya ndani ya familia, na kwamba nyingine zinawalaumu maofisa. Ni kweli; moja ya zetu inamlaumu ofisa kwa jina, na nyingine inaeleza ugomvi wa mahari ambao wahusika wake bado wanasalimiana kwa shida. Basi familia iruhusiwe kuweka sharti kwamba karatasi fulani isifunguliwe mpaka miaka kadhaa ipite. Lakini isiwe kwamba kwa kuogopa ukurasa mmoja tunaacha sanduku zima lioze.

Kaka yangu alirudi mwishoni mwa 1979 na akafariki 2014, na katika miaka hiyo yote sikumsikia akieleza habari za Lukaya, hata tulipomwuliza. Alipofariki tulikuta miongoni mwa vitu vyake barua moja ambayo hatukujua kuwa ipo, aliyoandikiwa na mama mwezi Aprili. Mama aligundua kuwa niliruka mistari, na tangu siku ile hakunipa tena barua kusoma. Alizisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata herufi, na hatimaye akaandika jibu bila kumwambia mtu. Karatasi imechakaa kwenye mikunjo kwa kukaa mfukoni, na jasho limefuta upande wa kushoto. Herufi zote ni kubwa. Inasomeka, “MWANANGU NDAMA YUPO. AMEKUA. MIMI MAMA YAKO NIMEANDIKA.” Naambatanisha nakala yake, Mhariri, pamoja na zile saba, ili uwe nazo iwapo taasisi yoyote itaziulizia kwako.

Mwalimu mstaafu,
Kiomboi, Singida