Barua ya malalamiko: pawasaplai iliyokuja na kebo zisizo zake

Karakana ya Kompyuta,
Arua, Uganda.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampala.

Ndugu Meneja,

KUH: PAWASAPLAI ILIYOKUJA NA KEBO ZISIZO ZAKE, NA DISKI MBILI ZILIZOUNGUA

Nataka nirudishiwe shilingi 390,000 nilizolipia pawasaplai ya wati 650, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, pamoja na gharama ya usafirishaji, na nilipwe thamani ya diski mbili za mteja wangu zilizoungua nilipoiwasha. Naanza na madai kwa sababu vijana wenu wa huduma nimeshawaeleza kisa chote kwa simu na kwa maandishi, na kila anayepokea hujibu kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Safari hii naandika kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua.

Mimi ni fundi. Kazi yangu hapa Arua ni kuunda na kukarabati kompyuta za ofisi, shule na studio. Kompyuta tunayoizungumzia ni ya Hajati mmoja anayepiga picha na video za harusi. Ilikuwa ikijizima katikati ya kazi, nikaipima, nikaona pawasaplai imechoka, nikamshauri anunue nyingine ya maana. Ukurasa wenu ulitangaza pawasaplai ya modula, yaani ile ambayo kebo zote huchomoka, "mpya, haijafunguliwa", dhamana miaka mitano. Nilichagua modula makusudi. Kasha la Hajati ni jembamba, nyuma ya bamba la ubao mama, ile saketi kuu ya kompyuta, hakuna pa kuficha furushi la kebo zisizo na kazi, na vumbi letu la kiangazi likikuta nyaya zimerundikana mbele ya feni hunasa papo hapo, joto likapanda. Kwa modula unachomeka kebo unazozihitaji tu, nyingine zinabaki mfukoni.

Kazi niliifanya kwa utaratibu ninaoufuata siku zote. Kebo ya prosesa niliipitisha kwanza, kabla ya ubao mama kufungwa, kwa sababu ukishafunga ubao ule upenyo wa juu kushoto haupitishi tena plagi ya pini 8. Kebo kuu ya pini 24 nikaizungushia nyuma ya bamba na kuitokezea karibu na plagi yake, ikiwa na ulegevu wa kutosha ili isivute ubao. Ya diski ikashuka moja kwa moja hadi chini. Zote nikazifunga kwa utepe wa velkro, si vile vifungio vya plastiki ambavyo fundi mwenye haraka huvikaza hadi vinauma ganda la waya. Mlango wa nyuma ukafunga bila kusukumwa kwa goti. Wanaofanya kazi hii watanielewa.

Nikabonyeza kitufe. Feni zilizunguka kidogo, kitu kikalia "tap", pawasaplai ikajizima yenyewe, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka upande wa diski. Ubao mama na prosesa vilisalimika. Diski ya SSD, ile ndogo ya kasi yenye mfumo wa kompyuta, na diski kubwa yenye video, zote mbili, zilikufa pale pale. Kwenye saketi ya ile kubwa, diodi ya kinga ya njia ya volti 5 imeungua hadi imeacha doa jeusi linaloonekana kwa macho.

Niliitoa pawasaplai, nikaiwasha ikiwa peke yake juu ya meza kwa kuunganisha waya wa kuwashia na wa ardhi kwenye plagi ya pini 24, kisha nikaipima kwa mita. Plagi ya umeme ya diski za SATA, yaani aina ya diski alizokuwa nazo Hajati, ina nyaya tano, na ule wa katikati unatakiwa kubeba volti 5. Kwa kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawasaplai za kompyuta, unaruhusiwa kupanda hadi 5.25, basi. Mita yangu ilisoma 12.1. Nikahamia waya wa pembeni, unaotakiwa kubeba volti 12, ukasoma 5. Nikajaribu plagi nyingine za kebo ile ile, majibu yakawa yale yale. Kisha nikapima kebo kuu na ya prosesa: kila waya ulikuwa na volti zake.

Maana yake ni moja. Pawasaplai yenyewe haina ubovu, ila kebo ya diski mliyoiweka kwenye boksi si yake. Upande wa diski, plagi zina kiwango kimoja dunia nzima. Upande wa pawasaplai hakuna kiwango. Kila kampuni hupanga pini inavyopenda, na wakati mwingine hata kampuni moja hubadilisha mpangilio kati ya toleo na toleo. Umbo la plagi linaweza kufanana kabisa, likaingia na kubana vizuri, huku umeme ukitokea mlango usio wake. Ndiyo maana mwongozo wenu wenyewe unasema tumia kebo zilizomo kwenye boksi hili tu. Nilitumia hizo tu.

Baada ya hapo niliziweka kebo zote pamoja nikazilinganisha. Kebo kuu na ya prosesa ni bapa, laini, zenye alama ya mtengenezaji kwenye plagi. Kebo ya diski pia ni nyeusi na bapa, lakini ni ngumu zaidi, haina alama yoyote, na plastiki ya plagi zake inang'aa wakati zile nyingine hazing'ai. Nina desturi ya kupiga picha kila boksi linalofunguliwa mezani kwangu, na picha za boksi lenu zinaonyesha mkanda mpya uliobandikwa juu ya mkanda wa kiwandani ambao ulishakatwa. Siku ile sikushtuka, kwa kuwa mizigo inayopitia uwanja wa ndege wa Entebbe hukaguliwa na si ajabu boksi kufunguliwa na kufungwa tena. Lakini maofisa wa forodha hawabadilishi kebo. Aliyebadilisha ni mtu aliyewahi kuimiliki pawasaplai hii, akairudisha kwenu ikiwa na kebo za pawasaplai nyingine, nanyi mkaibandika mkanda na kuniuzia kama mpya. Kwa Kiswahili cha sokoni, mliniuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa nije kwenye jibu lenu, ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii badala ya kupiga simu tena. Mliniandikia kwamba dhamana imevunjika kwa sababu picha nilizotuma zinaonyesha kebo "zimekunjwa na kufungwa".

Ndugu Meneja, kebo za pawasaplai zimetengenezwa zikunjwe. Zilitoka kwenye mfuko wenu zikiwa zimekunjwa. Ukurasa uliouza pawasaplai hii una picha ya kompyuta ambayo nyaya zake zimelazwa nyuma ya bamba na kufungwa vizuri kuliko nilivyofunga mimi, na chini yake mmeniwekea pendekezo la kununua tepe za velkro. Haiwezekani kupanga kebo kuwe tangazo wakati wa kuuza na kosa wakati wa kudai. Hata kama ningezikunja kwa nyundo, waya uliokunjwa vibaya hukatika au hupata joto. Haugeuzi volti 5 kuwa 12. Hilo litawezekana tu kama pini zimepangwa vingine tangu kiwandani.

Najua jambo la kukunja lilikotoka. Ni ile plagi ya pini 16 ya 12VHPWR, iliyokuja na kadi kubwa za grafiki kama RTX 4090 mwaka 2022, ambayo kuna zilizoyeyuka, hasa pale ambapo haikuingia hadi mwisho, ndipo mafundi wakaonywa wasiikunje karibu na kichwa. Onyo hilo ni la haki. Lakini kompyuta ya Hajati haina kadi hiyo wala plagi hiyo, inatumia kadi ndogo inayopata umeme wake wote kwenye ubao mama. Kijana wenu amechukua onyo la kitu kimoja akalibandika kwenye kitu kingine.

Na msiniambie fundi alipaswa kupima kila kebo kabla ya kuichomeka. Anayenunua kitu kilichotumika kutoka mitaani hupima. Anayenunua kitu kipya, chenye dhamana, kwenye boksi la mtengenezaji, analipia haki ya kutopima.

Labda mtajiuliza kwa nini sikununua dukani kama watu wengine. Madukani kwetu Arua pawasaplai nyingi ni zile nyepesi zilizoandikwa wati 500 ubavuni, ukiishika mkononi unajua hata nusu yake ni ya mashaka. Kwa kompyuta ya karani zinatosha, kwa studio hapana. Pawasaplai kama yenu ningeipata Kampala kwa muuzaji ninayemfahamu, kwa bei ya juu kidogo, takribani shilingi 450,000. Yeye huichomeka mbele yako juu ya kaunta, na kama huko Kampala hukufika, anakupigia video uone feni inazunguka na mita inasoma. Anaandika namba ya siriali kwenye risiti. Boksi linapandishwa basi la usiku pale Arua Park, huko huko Kampala, asubuhi unalipokea Arua. Likiwa na kasoro, linarudi kwa basi hilo hilo na anayelipokea ni mtu unayemjua kwa sura. Nilikuwa nikiona tofauti ile ya bei kama faida ya duka, kumbe ndani yake mna mtu wa kumgongea mlango.

Sisemi kununua mtandaoni ni kubaya. Ramu, feni, tepe, hata prosesa nimeagiza bila shida, na kuna vitu ambavyo bila intaneti mafundi wa huku tusingevigusa kamwe. Lakini muuzaji wa mtandaoni anauza maneno na picha, mnunuzi hana cha kushika. "Mpya, haijafunguliwa" ndiyo bidhaa yenyewe niliyoilipia, na hiyo hamkunipa.

Kuchelewa kwa mzigo sitakuzungumzia. Ila mtu wenu wa kufikisha mizigo alidai fedha ya ziada, eti ya kodi, wakati ukurasa wa oda ulisema bei imeshajumlisha VAT ya asilimia 18, na karatasi aliyoniachia si risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato. Naomba maelezo ya fedha hiyo pia.

Kuhusu video za Hajati: za zamani alikuwa na nakala, za msimu huu hakuwa nazo. Kuna maharusi wanaosubiri na walishalipa. Diski ikipelekwa kwa fundi wa kuokoa data, huenda kwa kubadilisha sehemu zilizoungua kwenye saketi yake video zikapatikana. Gharama hiyo nayo ni yenu, nami nitawaletea ankara ya fundi huyo ikiwa na kila kilichofanyika, msije mkadhani nimejiongezea.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inampa mnunuzi wa mtandaoni siku saba tangu kupokea bidhaa ili aweze kuvunja mauzo, na barua pepe yangu ya kwanza iliwafikia ndani ya muda huo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitafungua dai kwa utaratibu wa madai madogo mahakamani, unaosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na usiohitaji wakili. Nimeambatanisha risiti ya oda, picha za boksi na mikanda yake miwili, picha za mita ikiwa kwenye kila waya, na mawasiliano yangu yote na idara yenu. Pawasaplai na kebo zake nimezifungia, sitazigusa, na mkitaka kuzipima tumeni fundi wenu aje tuzipime pamoja. Fedha zitumwe kwa namba ile ile ya simu niliyolipia.

Kabla hamjafika kwenye fedha zangu, kuna jambo la haraka zaidi. Aliyewarudishia pawasaplai hii ama amebaki na kebo yake halisi ya diski, ama kebo hiyo imo kwenye boksi lingine ghalani kwenu, au imeshauzwa. Tafuteni kwenye rekodi zenu nani alirudisha namba hii ya siriali na nani wengine wameuziwa pawasaplai zilizorudishwa, muwapigie simu leo wasiziwashe.

Wenu katika biashara,

Fundi na mwenye karakana,
Arua.

Nakala: Hajati, mwenye kompyuta.